Mwaka Mkono wa Gatwiri Ulipokamua Hewa

Watu wa kwetu husalimiana kwa kiganja kizima, na wazee hawaachii mpaka habari za ng'ombe, viazi na mvua ziishe. Gatwiri na mimi hatusalimiani hivyo. Mimi humnyooshea vidole viwili, naye huvizungushia mkono wake, akavibana kimya kwa pumzi moja ndefu, kisha akaachia. Mwezi uliopita, siku ya mahari yake, shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi alituona tukifanya hivyo mlangoni. Walikuwa wametoka Embu asubuhi, baridi ya Kibirichia ilikuwa imewakuta na nguo nyepesi, na mama huyo alikuwa amejifunga leso mbili juu ya koti. Akaniuliza kama ile ni salamu ya kanisa fulani. Nikamwambia ni ya kanisa la watu wawili. Akacheka, akaenda kutafuta mahali penye moto, nami nikabaki nikifikiria kwamba jibu la kweli lingechukua mwaka mzima kulisema. Ndilo hili.

Mwaka huo nilikuwa sijafika thelathini na nilikuwa nimeshafanya kazi nyingi kuliko watu wa rika la mama yangu. Nilitoka shule darasa la saba. Baada ya hapo nilichuma majani chai, nikasuka nywele, nikapanga mbao kwenye kiwanda cha mbao, nikahudumu kwenye hoteli tatu, na kila mahali nilikuwa nakaa mpaka nielewe jinsi kazi inavyokwenda, kisha hamu inaniisha. Dada yangu Karimi alikuwa akisema wazazi walituona mapema wakatupa majina yetu: yeye Karimi, mwenye kulima, mimi Kagendo, mwenye kutembea. Alisema hivyo mbele ya wageni, na wageni walicheka kila mara. Sikukasirika. Nilikuwa najua vitu. Nilijua kwa nini chai ya jioni ina ladha tofauti na ya asubuhi, nilijua mbao ipi italia ikipigwa msumari, na nilijua wauguzi huzungumza nini wakidhani anayewawekea chapati hasikii.

Nilifika kwa Karimi mwezi wa kumi na moja, viazi vikiwa vimetoka shambani na vimemwagwa chini kwenye chumba cha nje. Jikoni kulikuwa na moshi, ndama mgonjwa amefungwa karibu na kuni ili apate joto, na Karimi ana mtoto mchanga mgongoni. Gatwiri, mtoto wake wa pili, alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amebeba jina la mama yetu, na kwetu mtoto akibeba jina la mamako ni mamako, kwa hiyo mimi nilimwita mami na yeye aliniita tata, mama mdogo. Alikuja kunipa chai. Kikombe kilitoka mkononi mwake kana kwamba mtu amekivuta, kikaanguka, na uso wake ukajikunja upande mmoja, kisha upande wa pili, mabega yakapanda na kushuka. Nilidhani ananichezea. Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka, na Karimi akafuta chai kwa gunia, kwa namna ya mtu aliyefuta chai nyingi.

Siku zilizofuata nilisikia mengi kuliko niliyoambiwa. Nikiwa chumba cha nje nikichagua viazi vya mbegu, wanawake wa kikundi cha maombi walikaa jikoni na ukuta wa mbao haukuficha neno. Mmoja alisema mtoto amekanyaga kitu njiani. Mwingine akasema upande wa baba yao kulikuwa na mtu wa namna hiyo, na Karimi akamwambia kwa upole kwamba upande wa kila mtu kuna mtu wa namna hiyo, chai iko hapo. Walimu nao walikuwa wamesema ni utundu, kwa sababu mwandiko wake uliokuwa wa kwanza darasani ulikuwa umekuwa kama njia ya kuku. Aliadhibiwa. Baadaye, alipoanza kulia na kucheka bila sababu, walisema akae nyumbani kwanza, na mwalimu mkuu akataja shule fulani ya watoto wasioweza kufundishwa pamoja na wengine, kwamba muhula mpya ukianza na yuko hivyo, nafasi yake itakuwa huko. Shemeji yangu, mtu mpole asiyependa maneno, alikuwa amekubali.

Gatwiri mwenyewe alijua kwamba hayuko sawa. Hilo ndilo watu hawakuliona. Kabla ya kuingia nyumbani ilimbidi aguse mwimo wa mlango, kulia, kushoto, kisha tena, na akikosea anarudi nje kuanza upya hata mvua ikinyesha. Aliosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Tata, nisipofanya kichwa kinapiga kelele." Alilisema kama mtu mzima anayeeleza shida ya jirani. Akilala, kila kitu kilitulia; mikono, uso, mabega, vyote vikawa vya mtoto yeyote. Nilikuwa nikimtazama asubuhi kabla hajaamka na kujiuliza ni kitu gani kile kinachoheshimu usingizi. Pepo gani hulala saa mtoto akilala?

Swali hilo ndilo lililonikalia. Nilimwambia Karimi kwamba mtoto aende hospitali ya maana, na Karimi akasema ana mtoto wa kunyonyesha, ng'ombe wa kukamua, ndama mgonjwa na mume aliye mbali wiki nzima. Kisha akaniangalia. "Wewe ndiye huna la kufanya," akasema. Kati ya yote niliyowahi kuambiwa na dada yangu, hilo ndilo nililoshukuru zaidi.

Nilimchukua Gatwiri tukashuka Meru, nikapanga chumba karibu na soko la Gakoromone, nyuma ya safu ya wauza ndizi, nikawa nauza viazi vya Karimi kwa debe ili tule. Karimi alikuja mara moja, mtoto mgongoni, twende sote kwa daktari mjini. Alikuwa kijana mwenye haraka na macho mazuri. Aliuliza kama Gatwiri huanguka, kama huuma ulimi, kama aliwahi kuumia kichwa, kama aliwahi kuugua koo na homa. Karimi akajibu yote. Koo, hapana. Daktari akatupa dawa za kifafa na kutuambia turudi. Karimi akapanda kwenda nyumbani, na sisi wawili tukabaki na chumba chenye kitanda kimoja, jiko la makaa, na dirisha lililotazama lundo la ndizi mbichi.

Dawa zilimfanya alale mchana na kuamka akiwa na mikono ileile. Asubuhi tulitandika gunia sokoni, yeye akakaa nyuma yangu juu ya debe lililogeuzwa. Soko lina ulimi mkali. Vijana wa mikokoteni walimpa jina la DJ, kwamba anasikia muziki ambao sisi hatusikii, na nikamwambia mmoja wao kwamba yeye pia anasukuma mkokoteni kama anayesukuma mke aliyemshinda. Walipenda hilo, wakaacha jina, na tangu siku hiyo walimwita mtu wa Kagendo. Tukivuka barabara nilimshika mkono, na hapo ndipo nilipogundua kitu. Mkono wake haukutulia ndani ya wangu. Ulibana, ukaachia, ukabana, ukaachia, bila yeye kutaka. Nilikuwa naujua mwendo ule. Kila mtu aliyekulia kwetu anaujua. Mkono wa mami ulikuwa unakamua ng'ombe ambaye hayupo.

Nikamwambia. Akautazama mkono wake, akasema basi huyo ng'ombe ana maziwa mengi sana. Tukacheka mpaka mwenye ndizi akauliza tumekula nini. Ndipo ulipoanza mchezo wetu: kila jioni nilimpa vidole viwili, abane kwa nguvu moja bila kukamua, tuone kama ng'ombe amekwisha. Hakuwa amekwisha.

Jioni moja niliacha uji wa wimbi ukapoa nikipigana na makaa yaliyokuwa yamelowa. Nilitaka kuupasha, lakini Gatwiri akanizuia, akasema anapenda ukiwa hivyo, baridi, kama ule wa kilimi. Nilimuuliza kilimi gani. Akafungua mdomo wazi kabisa, akanionyesha kwa kidole. Kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, kwake hakikuwapo. Akanieleza huku anakula, uji ukimwagika kwenye goti: kwamba wakati wa baridi kali, kabla sijafika, watoto wengi wa kwao waliumwa koo mpaka mate yakawa hayamezeki, na yeye akawa na homa, na mzee wa kukata vilimi akaja na chuma chake chenye ndoano akawakata kilimi mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekatwa alipewa uji baridi siku nzima. Alisema yeye hakulia. Alijivunia hilo.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa na simu. Nilimpigia mwenye duka wa Kibirichia, akamwita Karimi, na Karimi alipokuja alikuwa anahema akidhani kuna msiba. Nikamuuliza kwa nini alimwambia daktari kwamba mtoto hakuugua koo.

"Hakuugua koo," akasema. "Aliugua kilimi. Kikakatwa, kikaisha."

Hakuwa anadanganya wala hakuwa mjinga. Mimi mwenyewe ningejibu hivyohivyo. Kwetu koo linalouma ni kilimi kilichorefuka, na kilimi kikikatwa ugonjwa umetolewa pamoja na mwili wake, umetupwa nje, hakuna mtu anayeuhesabu tena, kama vile mtu hahesabu jino aliloling'oa. Mama yetu alikatwa, Karimi alikatwa, mimi nilikatwa. Daktari angeweza kuuliza mara mia na kujibiwa hapana mara mia, na pande zote mbili zingekuwa zimesema ukweli.

Lakini mimi nilikuwa nimewahi kuuza chakula hotelini Embu, karibu na hospitali, na wanafunzi wa udaktari walikuja pale kula chapati na ndengu na kubishana. Siku moja walikuwa wanamcheka mwenzao aliyekuwa ameulizwa swali akakosa. Mtoto anayecheza dansi bila muziki, walisema, muulize koo. Ukishamuuliza koo, sikiliza moyo. Walikuwa wakilirudia kama wimbo, koo kisha moyo, koo kisha moyo, mpaka yule mwenzao akawarushia kipande cha chapati. Nilikuwa nimelisikia nikiwa na sufuria mkononi, na sikuwa na kazi nalo, lakini mimi situpi kitu nilichokisikia. Nililiweka. Miaka ilipita, na sasa lilinirudia likiwa na uso wa mtoto mwenye uji kwenye goti.

Tulikwenda Embu wiki hiyohiyo. Nilianzia pale hotelini, kwa sababu mwenye hoteli, Mama Njoki, anamjua kila mtu anayevaa koti jeupe na anajua pia wanaolipa. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Kagendo. Umerudi ama unapita?" Nikamwambia napita. Akasema alijua, akamwekea Gatwiri chapati iliyokatwa vipande ili isimsumbue, bila kuuliza chochote, akatuelekeza kwa daktari wa watoto mwenye kliniki ndogo juu ya duka la mbegu, mwanamke aliyewafundisha wengi wa wale wanafunzi.

Chumba chake kilinuka mahindi yenye dawa kutoka dukani chini. Alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa uzi, na alisikiliza bila kuandika. Nilimweleza yote kwa mpangilio, na nilipofika kwenye kilimi nikamwambia kwamba dada yangu atasema mtoto hakuugua koo, lakini aliugua, wakati wa baridi, na watoto wa jirani pia. Akasimama. Akamwambia Gatwiri atoe ulimi auweke nje. Ulimi ukatoka na kurudi, ukatoka na kurudi. Akasikiliza moyo kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha akanyoosha vidole viwili, akamwambia Gatwiri avibane.

"Anakamua," nikasema, kabla hajasema yeye.

Alinigeukia. Akauliza nani aliniambia. Nikasema hakuna aliyeniambia, nimeshika mkono huo kila siku. Akatabasamu kidogo, akasema hata kwenye vitabu vya madaktari ishara hiyo inaitwa kwa jina la wakamuaji, na kwamba watu wa mbali walioiona kwanza walikuwa na ng'ombe kama sisi. Sijawahi kwenda shule ya sekondari, lakini siku hiyo nilijua mtu anavyojisikia akiwa amepata swali ambalo darasa zima lilishindwa.

Alituelezea taratibu, akimtazama Gatwiri zaidi kuliko mimi. "Ulikuwa na vijidudu kwa koo. Mwili yako ikapigana navyo vizuri sana. Lakini ikachanganyikiwa, ikaanza kupiga ubongo yako pia, ikidhani ni adui. Si kifafa, si wazimu, na hakuna mtu amekuroga. Hata ile kugusa mlango ni hiyo tu." Gatwiri akauliza kama mwili utajua umekosea. Daktari akasema utajua, lakini polepole, miezi, na kwamba tatizo kubwa haliko mikononi, liko moyoni, ambako alisikia sauti ndogo asiyoipenda. Koo likirudi, moyo utaumia zaidi. Kukata kilimi hakuzuii koo kurudi. Kinachozuia ni sindano moja kila mwezi, kwa miaka, mpaka awe mtu mzima, na isikosekane.

"Inauma," akaongeza. "Na watu huacha mtoto akishapona mikono. Nani atamleta?"

Nilisikia swali hilo lote. Sikuwahi kufanya kitu chochote kila mwezi. Gatwiri aliangalia sakafu, kwa sababu yeye pia alimjua tata yake, na mkono wake ulikuwa unakamua hewa kando ya goti. Nikasema, "Mimi."

Ndivyo nilivyokaa. Nilihama Gakoromone na kurudi Embu kwa Mama Njoki, nikaosha sufuria, kisha nikapika, na Gatwiri akakaa nami ili awe karibu na daktari miezi ile ya kwanza. Kila mwezi tulikwenda, akachomwa makalio, akachechemea kurudi hotelini, akala chapati na ndengu akiwa amesimama kwa sababu hawezi kukaa, na wanafunzi wale wa mwaka huo wakamwachia meza yao hata hivyo. Niliwauliza kila kitu. Kwa nini sindano ile ni nzito kama uji, kwa nini mwezi na si wiki, moyo una milango mingapi. Mmoja alichora moyo kwenye karatasi ya kufungia chapati na Gatwiri akaichukua, akairudia kwa kalamu, mwandiko ukitetemeka, mstari ukitoka nje, akaitupa, akachukua nyingine. Hakuna aliyemlazimisha. Alichora mioyo ile mibovu kwa miezi, na ukuta wa jikoni ulijaa.

Kupona hakukuja siku moja kama wanavyosimulia kanisani. Uso ulitulia kwanza. Kisha siku zilipita bila kulia. Mikono iliharibika tena mvua ya masika ilipoanza na mafua yakampata, nami nikapanda ngazi za duka la mbegu nikikimbia. Daktari akanituliza, akasema ndivyo ugonjwa huo unavyokwenda. Mlango ndio uliokaa zaidi. Hata vidole vilipoanza kushika kalamu, bado aligusa mwimo, lakini sasa mara moja, haraka, kama mtu anayemsalimia jirani asiyempenda.

Tulirudi Kibirichia wakati wa kuvuna viazi vya katikati ya mwaka. Niliwakuta wanawake wa maombi jikoni tena, na shemeji yangu, na mwalimu mkuu aliyekuwa amealikwa na Karimi bila kuniambia. Karimi hakumkumbatia mtoto kwanza. Alimpa sufuria na kumwambia ng'ombe hajakamuliwa. Sote tukatoka nje, mwalimu mkuu na viatu vyake kwenye matope. Ng'ombe yule, wa rangi ya majivu, alikuwa amemkataa Gatwiri tangu mkono wake ulipoharibika. Alikuwa amempiga teke mara mbili. Gatwiri akakaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ubavuni mwake, akasubiri. Kisha tukasikia maziwa yanagonga chini ya sufuria, kwa mpigo mmoja, wa kulia, wa kushoto, mpaka sauti ikazama kwenye povu. Ng'ombe akaendelea kutafuna. Mwalimu mkuu akasema kwamba kiti chake darasani kipo. Karimi akamjibu kwamba sindano itakuwa kila mwezi, ataruhusiwa siku hiyo, na watoto wote wa shule wanaoumwa koo waende zahanati kabla ya kwenda kwa mzee. Mwalimu mkuu akaitika. Dada yangu, ambaye ningesema hajui kitu nje ya shamba lake, alikuwa amepanga kikao kizima kuzunguka ng'ombe mmoja.

Sindano nilizisimamia hadi alipofika chuo. Nilihama mara nyingi baada ya hapo, Nanyuki, Isiolo, Nairobi kidogo, lakini siku ya sindano nilikuwa Embu naye, na Mama Njoki, alipokuwa hai, aliacha kuniuliza kama narudi ama napita. Moyo wa Gatwiri una ile sauti ndogo hadi leo, haijakua. Yeye sasa huchora ramani za mashamba, mistari myembamba isiyotikisika, na bwana harusi ni mtu wa ofisi moja naye huko Embu.

Siku ya mahari, wazee walipomaliza, aliitwa atoke na kibuyu cha uji ampelekee baba yake anywe, ili wote wajue amekubali. Alimimina kikombe mpaka mdomo wake. Hema zima lilinyamaza kwa sababu ndiyo desturi. Mimi na Karimi tulinyamaza kwa sababu yetu. Akavuka nyasi zilizokanyagwa, akampa baba yake, na hakuna tone lililoanguka. Akarudi akipita kando yangu. Sikuwa nimenyoosha mkono, nilikuwa natafuta leso. Akaushika mwenyewe mkono wangu, akachagua vidole viwili, akavibana, akavishikilia, na yule shangazi wa Embu akawa anatutazama tena. Nilisubiri kama nilivyosubiri kila jioni kule Gakoromone. Mkono wake haukukamua.